Fuvu na "kuwa au kutokuwa" havikai pamoja

Ile picha ya mwigizaji wa Kiingereza aliyeshika fuvu, chini yake "kuwa au kutokuwa", imerudi tena kwenye magrupu. Picha nzuri, ila maneno hayo si ya tukio hilo la fuvu. Fungua Hamlet, tamthilia ya Shakespeare: maneno hayo, anayoyasema mhusika mkuu Hamlet, yako tendo la 3, onyesho la 1, na hakuna fuvu hapo. Fuvu linakuja tendo la 5, makaburini. Mchimba kaburi analitupa juu, Hamlet analishika na kumkumbuka Yorick, mchekeshaji aliyembeba mgongoni utotoni. Mabango na vichekesho vimeyachanganya kwa sababu yote mawili ni maarufu mno. Hata mimi niliamini. Ikikufikia, usiisambaze. Mjibu aliyeituma kwa namba za matendo hayo, akajisomee.