Maana ya kusafishika, na kisu kilazwe wapi

Njia ikijaa maji ya masika tunasema haipitiki, na hakuna anayemlaumu mpita njia kwa miguu yake. Maji ya kisima yakiingia chumvi hayanyweki, na lawama ni ya maji. Kusafishika ni neno la ukoo huohuo. Kitu kinachosafishika ni kile ambacho umbo lake lenyewe linakubali kuoshwa: jicho linakiona chote, mkono unafika kila pembe, maji yanaingia na kutoka. Usafi ni hali ya muda, hudumu mpaka samaki mwengine akatwe. Kusafishika ni sifa aliyoitia fundi, au aliyoisahau, kabla chombo hakijafika jikoni.

Mimi nilifunzwa tofauti hii na gogo la visu. Mnalijua: bonge la mbao lenye matundu, visu vimechomekwa mpaka mpini, zawadi inayopendwa sana harusini. Langu lilikaa kando ya jiko hapa Mjini Unguja kwa miaka. Masika moja mama alikuja kutoka Wete, akachomoa kisu akate vitunguu, akakinusa kwanza.

"Mwanangu, visu huvioshi?"

Naviosha, tena kila siku. Lakini nilipoligeuza gogo na kuligonga ukingoni mwa sinki, likatoka ganda la kitunguu, unga mweusi na kifuko cha mayai ya mende. Kumbe nilikuwa naosha kisu vizuri, kisha nakirudisha ndani ya tundu ambalo hakuna mtu anayeweza kuliosha, si mimi wala si mama.

Kisu hata ukipanguse vipi hubakiza unyevu kidogo, khasa pale bapa linapoingia kwenye mpini. Tundu la gogo ni jembamba, refu, na mara nyingi limezibwa chini, kwa hivyo hewa haipiti na unyevu haukauki. Ongeza hewa yetu ya pwani ambayo yenyewe imelowa. Bakteria wengi wa chakula hukua baina ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na jiko la Unguja halitoki humo mchana wala usiku. E. koli, mmoja wa bakteria hao, akipata joto linalomfaa na chakula cha kutosha huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Wakishatulia mahali penye unyevu, bakteria hujifumia utando wa ute unaowagandisha kwenye ukuta wa tundu. Utando huo hauondoki kwa kumwagiwa maji, na hata dawa ya klorini huupenya kwa shida, unataka kusuguliwa. Sasa nambie ni brashi gani itasugua ndani ya ufa wa milimita tatu.

Watu wakisikia haya hukimbilia kuilaumu mbao. Tuipe haki yake. Utafiti wa Dean Cliver, mtaalamu wa usalama wa chakula, na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulionesha kwamba bakteria waliowekwa juu ya vibao vya mbao hufyonzwa ndani, na wanaoweza kupatikana tena juu ya kibao hupungua. Kwenye plastiki iliyochakaa kwa mikwaruzo ya visu waliselelea, na kuwaosha kukawa kazi. Mbao iliyo wazi, inayosuguliwa na kuanikwa juani, haina neno. Gogo langu lingekuwa la plastiki au la chuma kwa umbo lilelile, mama angelinusa vilevile.

Kwa kweli jibu tulikuwa nalo uani siku zote, nalo ni kichanja. Vyombo vimeinuliwa kutoka chini, maji yanachuruzika baina ya fito, upepo unapita, jua linamalizia. Kisu nacho hakitaki ala kikiwa jikoni. Ala ni ya safari na ya shamba. Jikoni kinataka kichanja chake. Lakini kukauka peke yake hakutoshi. Wako wanaochomeka kisu kwenye makuti ya ukuta wa jiko la nje: pale kinapata upepo wa kutosha, ila makuti hayaoshwi, na aliyepita humo usiku hatujui ni panya au mjusi. Hapo pana kukauka, kusafishika hakuna.

Wahandisi wa vyakula wamelipa jambo hili vipimo. Ulaya lipo kundi linaloitwa EHEDG, lililoundwa mwaka 1989, linaloandika miongozo ya mashine za viwanda vya vyakula. Kona ya ndani, wanasema, isiwe kali kama ya sanduku. Iwe na mviringo wa nusukipenyo cha milimita 6, na ikishindikana isipungue 3. Pasiwe na mahali maji yanasimama. Skrubu isiache meno yake wazi wala kichwa chenye shimo la kukusanya uchafu. Ni ya kiwandani, lakini ukipitisha kidole kwenye kona ya trei ya kuchomea samaki utaona pale pale masizi yanapoanzia.

Siku hizi wengi wanapenda ubao wa sumaku ukutani, na kwa kusafishika ni mzuri: kisu kiko wazi, unapangusa mara moja. Tazama mgongoni mwake, lakini. Ukipigiliwa ukutani ukaacha upenyo mwembamba, basi umehamisha tundu la gogo kulipeleka nyuma. Ama uzibwe kabisa, ama uachwe mbali na ukuta kiasi cha vidole viwili kupita na kitambaa. Usiuweke juu ya sinki unapooshea pweza, maji yanaruka. Na kisu cha kauri hakishikwi na sumaku. Vile vikopo vilivyojaa nyuzi za plastiki za kuchomekea visu sitavisemea sana. Ni msitu wa makombo. Mtoto wa meza anafaa kama ana trei inayotoka nzima na kisu kimeingia kikavu.

Kuhusu chuma cha kutengenezea mahali pa kuwekea visu, hapa kwetu bahari ina kauli. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu juu yake, na chumvi ndiyo adui wa utando huo. Aina iitwayo 304 ndiyo ya kawaida madukani. Ile ya 316 imetiwa molibdenamu na inaistahamilia chumvi zaidi, kwa bei kubwa zaidi. Kwa nyumba ya ndani ya mtaa, 304 inatosha ukiisuuza dawa ya klorini isikaukie juu yake. Aliye na banda la chakula ufukweni afikirie 316.

Mwisho nikaenda kwa fundi wa vyuma na mchoro wa penseli: bamba moja lililokunjwa umbo la pembe, ukingo wa mbele ukatwe nafasi ambazo mpini haupiti, visu vining'inie na bapa zake hewani. Bamba liangikwe kwa kulabu mbili usawa wa bega langu, watoto wasifike, na liondoleke kwa mkono mmoja bila bisibisi, lizame lote kwenye beseni. Akalikunja la kwanza kwa pembe kali. Nikamwomba alikunje upya juu ya chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 12, maana nusu yake ni 6.

"Dada, kona hii ataiona nani?" akaniuliza.

Nikamwambia hataiona mtu, itaguswa na kitambaa tu. Akacheka, akakunja, akanitoza nyongeza ya kazi.