Nuzlocke: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Jioni nikikaa barazani hapa Langoni na mpwa wangu, yeye na Game Boy yake ya mkono wa pili, mimi na kikombe changu cha kahawa, hakosi mtu wa kusimama aulize: mbona kijana anamtupa mnyama wake mzuri boksini, ghala la gemu la wasiotumika, kwa sababu ya pigo moja? Anacheza Pokémon Silver, gemu ya kukamata viumbe waitwao Pokémon na kuwapiganisha, kwa kanuni za Nuzlocke. Nami nimezicheza kwa miaka, na mengi ninayoyasikia juu yake si kweli.

Wengi hudhani kanuni hizi zimo ndani ya gemu, kwamba unabonyeza mahali zinawaka. Hakuna kitufe hicho. Pokémon akiishiwa na nguvu huwa amezimia tu. Unampeleka kituo cha matibabu, anatibiwa bure, safari inaendelea. Ndivyo ilivyo tangu gemu za kwanza, Red na Green, zilipotoka Japani mwaka 1996. Nuzlocke ni ahadi ya mchezaji na nafsi yake, nayo ina nguzo mbili. Aliyezimia amekufa, humtumii tena. Na katika kila eneo unamkamata yule wa kwanza kukutokea, basi. Akikuponyoka au ukimzimisha kwa bahati mbaya, eneo hilo limekupita. Wengi huongeza ya tatu, kwamba kila anayekamatwa apewe jina. Gemu yenyewe haina habari na lolote kati ya haya, na ukivunja hakuna wa kukushika.

Jina nalo si la Kijapani wala si la kampuni. Mwaka 2010 mchezaji mmoja, Nick Franco, alikuwa akicheza Pokémon Ruby kwa kanuni alizojitungia, akawa anachora katuni za safari yake. Humo alimchora Pokémon aitwaye Nuzleaf mwenye sura ya John Locke, mhusika wa tamthilia ya televisheni iitwayo Lost. Nuzleaf na Locke wakaungana, jina likabaki hadi leo.

Lililo zito ni hili la pili: “Hiyo ni kazi ya kupandisha levo tu. Kaa majanini siku nzima, upige vidudu, utoboe.” Asemaye hivi hajaona mpwa wangu alivyojiandaa kukutana na Whitney, kiongozi wa jimu ya mji wa Goldenrod, mmoja wa wapinzani wakubwa wa gemu. Wachezaji wengi wa Nuzlocke hujiwekea mpaka: katika timu yako asiwepo anayezidi levo ya Pokémon mkubwa wa kiongozi anayefuata. Pokémon mkubwa wa Whitney, Miltank, ana levo 20, kwa hiyo mpwa wangu hakupita 20. Huyo Miltank ana pigo la Rollout. Linaanza na nguvu 30, na kila likitua mfululizo linaongezeka maradufu: 60, 120, 240, hadi 480 kwa pigo la tano. Ukimjeruhi anakunywa maziwa yake, anarudishiwa nusu ya uhai. Isitoshe ana Attract, ambayo humfanya Pokémon wa kiume amtazame kwa mapenzi badala ya kupigana.

Kijana alifungua daftari. Lina safu za kalamu ya risasi: jina, mahali alipokamatwa, levo, na mstari mmoja mnene juu ya waliokufa. Alikuwa na Pokémon aitwaye Geodude aliyemkamata pangoni Dark Cave, akamwita Tumbawe, kama yale mawe ya kuta zetu. Geodude ni wa mwamba na wa ardhi. Uardhi wake hupunguza Rollout kwa nusu, umwamba wake hupunguza Stomp, pigo jingine la Miltank, kwa nusu. Na Tumbawe ni jike, kwa hiyo Attract haimpati. Levo 18 akamaliza kazi. Ushindi ule ulipatikana darini, kwenye daftari, kabla Game Boy haijawashwa.

Wapo pia wasemao ni bahati nasibu tupu. Bahati imo, sitaficha. Pigo lilelile hutoa popote kati ya asilimia 85 na 100 ya uzito wake, na katika Silver takriban pigo moja kati ya 16 hutua kwa uzito maradufu. Ila mchezaji wa Nuzlocke hupiga hesabu ya baya kuliko yote kwanza: likitua kwa maradufu, wangu atabaki hai? Kama hapana, anambadilisha. Wengi wanaopoteza timu nzima hawakupiga hesabu hiyo. Nilijifunza kwa machungu, nilipompoteza Pokémon niliyekuwa naye tangu kijiji cha kwanza.

Kwa wasemao ni ukatili, nitasema kwa ufupi: anayekwenda boksini hateswi. Ukitaka kujua kama mchezaji anamjali, muulize jina lake, atakutajia na alipomkamata.

“Lakini mnabadilisha kanuni mnavyotaka, huo si udanganyifu?” Bao lenyewe lina namna zake. Bao la kujifunza unaanza na kete mbili kila shimo. Bao la kiswahili kila mmoja anabaki na kete 22 mkononi. Ubao ni uleule, kete 64 zilezile, na hakuna mzee atakayekuita mwizi mradi mmekubaliana kabla. Nuzlocke ni vivyo hivyo. Wengi huruhusu kumruka wa kwanza kama ni wa jamii uliyo nayo tayari, au kumkamata mwenye rangi adimu popote atokeapo, maana katika gemu za zamani huja mara moja kati ya 8,192. Kinachokatazwa ni kubadilisha kanuni baada ya kushindwa. Mpwa wangu aliandika zake ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya kuanza.

Tena wanaosema ni mchezo wa wapweke hawajui Soul Link, Nuzlocke ya watu wawili. Wawili huanza pamoja, na waliokamatwa eneo moja hufungwa pamoja: mmoja akifa, mwenzake naye anaondoka. Mpwa wangu anacheza hivyo na binamu yake wa Malindi, na kila usiku baada ya isha wanapigiana simu. Pale Dark Cave, binamu alimpata Zubat, akamwita Popo. Ijumaa iliyopita simu ililia mapema. Popo ameanguka. Mpwa wangu hakusema neno, alichukua kalamu akachora mstari juu ya Tumbawe, aliyekuwa mzima, levo 24, hana hata mkwaruzo.