Wasifu wa mtunukiwa si orodha ya vyeo

Kazi yangu ni kuandika wasifu unaosomwa chuo kinapomtunuku mhitimu wake wa zamani aliyetumikia umma. Karibu kila rasimu ninayoletewa na kamati ni ileile: mwaka huu akateuliwa, mwaka ule akapandishwa, kisha akateuliwa tena. Huwa nafuta yote. Cheo kinatuambia wakubwa walimwamini. Hakituambii alipokikalia kiti alimfanyia nani nini.

Mfano ninaopenda kuwapa wanakamati ni Kofi Annan. Alihitimu Macalester College, Marekani, mwaka 1961. Mwaka uliofuata akaajiriwa na Shirika la Afya Duniani, Geneva, ofisa wa chini kabisa wa utawala na bajeti. Miaka mingi ya utumishi wake ilipita kwenye mafaili ya fedha na watumishi, hadi 1997 alipokuwa Katibu Mkuu wa kwanza kutoka miongoni mwa watumishi wa Umoja wa Mataifa wenyewe. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, yeye akisimamia rasilimali watu, alitumwa kusaidia kuwarudisha makwao watu zaidi ya 900: watumishi wa kimataifa na raia wa nchi za Magharibi. Mimi ningeanzia hapo. Nobel ya 2001 kila mtu ukumbini anaijua.

Panapowatia kamati hofu ni kwenye makosa. Annan ndiye aliyeongoza idara ya kulinda amani wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994, na ya Srebrenica, Bosnia, mwaka uliofuata. Akiwa Katibu Mkuu, mwaka 1999, zilitoka ripoti mbili kuhusu maafa hayo. Ya Rwanda ilitokana na uchunguzi huru aliouagiza mwenyewe, nao haukumwacha salama, si yeye wala idara yake. Ukiliruka hilo, msikilizaji anayejua hatakuamini tena utakapofika mwaka 2008, aliposhinda Nairobi zaidi ya mwezi mzima na Benjamin Mkapa na Graça Machel, hadi Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia saini makubaliano ya kugawana madaraka tarehe 28 Februari. Mimi huipa habari hiyo ya makosa aya nzima, na siombi radhi kwa hilo.

Kisha namsomea mtunukiwa mwenyewe, kama yu hai. Mama mmoja, mstaafu, alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliichukua karatasi, akapiga mstari juu ya vyeo vyake vinne, taratibu, kimoja baada ya kingine.

“Mwanangu, hivi ni vya ofisi, na nimeviacha ofisini. Andika kwamba faili la mtu halikulala mezani kwangu.”

Nikaandika. Siku ya mahafali, sentensi ile iliposomwa, waliokuwa makarani wake walikuwa wamekaa safu ya nyuma kabisa. Walisimama wote.