Turubai Zito Halileti Baridi

Vijana wa Mombasa wakipanga safari ya jangwa la Chalbi, kule Marsabit, hakosi mmoja wa kusema: tununue turubai zito, tulishushe pande zote hadi chini, joto lisiingie. Hilo si banda, ni tanuri.

Turubai likipigwa na jua hushika joto, nalo hulimwaga chini, utosini pako. Liguse upande wa ndani saa saba mchana, utaondoa mkono mwenyewe. Dawa ni tabaka mbili: la juu jeupe, la chini hata leso kuukuu (ya mama omba kwanza), na kati yake nafasi ya shibiri mbili upepo upite. Pande ziache wazi, isipokuwa ule wa magharibi jua likishuka. Ndivyo hata paa la makuti linavyotupoza hapa pwani: liko juu, limeinuka, na hewa ya moto hupanda ikatuacha.

Vigingi vya hema mchangani hung'oka kama meno ya mtoto. Jaza gunia mchanga, lifunge kamba katikati, lizike kina cha mkono mzima, kamba itoke mshazari kuelekea banda. Upepo wa Chalbi hauna adabu.