"Kutoa kwa kukopa, nani asiyejua?" Dhana inayoua vikao vyetu vya hisabati

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mwalimu ninayemheshimu sana, ana miaka 20 na kitu kazini: "Mwalimu, yaani tukae masaa mawili tunajadili kutoa kwa kukopa? Hapa nani asiyejua kutoa?" Na wenzake wakatingisha vichwa kukubali. Mimi nawezesha jumuiya za kujifunza, hizi JzK za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambapo walimu wa shule wanakaa kufundishana wenyewe, upande wa hisabati darasa la kwanza mpaka la nne, na hiyo kauli nakutana nayo karibu kila shule ninayoingia. Imenichosha, kwa hiyo leo naijibu kwa kirefu.

Dhana yenyewe inasema hisabati ya madarasa ya chini ni rahisi, kila mwalimu anaijua, kwa hiyo walimu wakikaa wenyewe kwa wenyewe hawana cha kufundishana. Sasa sikiliza. Unajua 52 toa 17 ni 35, sawa, hata muuza nyanya anajua hiyo. Mwalimu ndo anatakiwa ajue kwanini mtoto kaandika 45, tena kaandika jana, juzi, na ataandika kesho hata ukimwekea kosa kwa peni nyekundu mpaka wino uishe.

Kuna kikao kimoja tuliweka daftari la mtoto wa darasa la tatu katikati ya meza. Ukurasa umetoboka sehemu mbili, si unajua wanavyofuta kwa kidole chenye mate. Maswali matano: 52 toa 17 kaandika 45, 58 toa 23 kaandika 35, 63 toa 28 kaandika 45, 79 toa 42 kaandika 37, 41 toa 16 kaandika 35. Kapata mawili kati ya matano, chini ameandikiwa "ongeza bidii". Mwalimu wake akasema huyu anabahatisha tu, hayuko siriazi. Nikawaomba wote wachukue peni wajaribu kupata majibu yaleyale ya mtoto, hesabu kwa hesabu. Dakika kama tano kimya. Halafu mmoja akaona: mtoto hajabahatisha hata mara moja! Kwenye kila safu anachukua tarakimu kubwa anatoa ndogo, haijalishi ipi iko juu. Saba toa mbili tano, tano toa moja nne, 45. Zile mbili alizopata ni zile ambazo hazihitaji kukopa. Ana kanuni yake na anaifuata vizuri kuliko sisi tunavyofuata azimio la kazi.

Sasa hapa ndo penyewe. Kanuni hiyo kaitoa wapi? Madam wa darasa la kwanza, ambaye muda wote alikuwa kimya anasahihisha madaftari yake, akainua kichwa akasema, "Nimemfundisha mimi." Tukamgeukia. Akaeleza kwamba kule darasa la kwanza watoto wakiandika 3 toa 5 yeye huwaambia huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo, kila siku toa ndogo kwenye kubwa, na wanaiimba. Kwake inafanya kazi mwaka mzima. Inakuja kulipuka kwa mwenzake miaka miwili baadaye. Niambie, mwezeshaji gani kutoka mjini, na projekta yake, angeijua hiyo? Ilibidi mwalimu wa la kwanza na wa la tatu wakae meza moja na daftari moja.

Wakapanga somo pamoja. Ijumaa yake mmoja akafundisha wengine wamekaa nyuma: vijiti vimefungwa kumikumi kwa raba, mafungu matano na vijiti viwili pembeni, toa 17. Mtoto aliyeitwa mbele akaanza na mamoja, ana viwili mkononi anatakiwa atoe saba, akasimama. Mwalimu hakusema kitu (walikuwa wamekubaliana hivyo, na ni kazi ngumu sana kwa mwalimu kunyamaza). Mtoto akaangalia mafungu, akaangalia vijiti viwili, akavua raba ya fungu moja. Basi. Hapo ndo unamwambia huku kuvua raba ndo tunaandika hivi ubaoni, makumi yanabaki manne na mamoja yanakuwa 12. Mimi ningekuwa na uwezo ningefuta hata neno kukopa, maana ukikopa unarudisha, na watoto huuliza tunarudisha lini. Sema kufungua fungu.

Na usidhani ni Tanzania tu. Mwaka 1999 Liping Ma, mtafiti wa elimu ya hisabati, alitoa utafiti wake, aliwahoji walimu 23 wa Marekani na 72 wa China, wote wa shule za msingi. Aliwapa moja na robo tatu gawa kwa nusu. Marekani walijaribu 21, waliopata jibu sahihi kamili 9. China wote 72 walipata. Halafu akawaambia watunge hadithi ya hesabu hiyo, Wamarekani wengi wakaangukia kugawa kwa mbili badala ya kugawa kwa nusu. Wale wa China walikuwa wamesoma miaka michache zaidi, darasa la tisa halafu miaka miwili mitatu ya ualimu, wenzao wana digrii. Ila China walimu wa somo moja hukutana mara kwa mara kusoma vitabu vya kiada pamoja na kujadili masomo yao. Jaribuni kwenye kikao chenu, bila kuangaliziana. Nimeshaona "mama ana mkate mmoja na robo tatu anagawia watoto wawili" mara nyingi sana, na hiyo ni kugawa kwa mbili. Inayotakiwa ni kama hii: una unga kilo moja na robo tatu, kipimo chako ni cha nusu kilo, utajaza mara ngapi? Mara tatu na nusu. "Pindua uzidishe" tunaijua wote, ila mtoto akiuliza kwanini tunapindua tunamwambia ndo kanuni.

Kuna hii nyingine, "bila mwezeshaji kutoka juu na posho hayo sio mafunzo." Nauli ya kwenda kituo cha kata nawatetea kabisa, mwalimu asitoe mfukoni. Ila JzK ya shuleni kwenu inataka meza na madaftari ya watoto, moduli za TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) zipo kwenye mfumo wao wa mtandaoni, za nini kusubiri mgeni?

"Kuja kuniangalia nikifundisha ni kunikagua." Hapana. Mthibiti ubora ana kazi yake na fomu yake. Wajapani wana kitu wanaita jugyo kenkyu, wamekifanya tangu miaka ya 1800 mwishoni, na wenzetu Zambia walianza nacho mwaka 2005: somo mmelipanga wote, kwa hiyo likibuma limebuma la wote, na mkikaa nyuma mnaangalia watoto. Ukinikuta naangalia viatu vya mwalimu au mwandiko wake ubaoni nitoe nje.

"Darasa langu lina watoto 110, hayo ni ya madarasa ya watoto 30." Hii naielewa maumivu yake, nimefundisha madarasa hayo. Lakini watoto 110 hawana makosa 110. Chukua zoezi moja la kutoa, panga madaftari kwa jinsi walivyokosea, mara nyingi utapata mafungu matatu au manne tu, na lile kubwa ndo somo lako la kesho. Ukiwa na wenzako wawili mnaifanya kabla chai haijapoa.

Na hawa wa "sisi tuna grupu la WhatsApp linatosha." Nimo kwenye magrupu matano ya hivyo, yamejaa maandalio ya somo ya kukopi na salamu za asubuhi. Piga picha daftari lenye kosa, ficha jina la mtoto, andika chini yake: huyu kawaza nini? Halafu mwalimu wa darasa la kwanza ajibu wa kwanza.