Fizikia ya chuo kikuu: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akisema anataka kusoma shahada ya fizikia, kabla hajamaliza sentensi keshapewa pole: hiyo ni ya vipanga, tena wa kuzaliwa. Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inawafukuza watu mlangoni kabla hawajaingia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya hisabati inayohitajika hufundishwa hukohuko. Mwaka wa kwanza hujaa kalkulasi, vekta na matriki. Swali moja la zoezi laweza kula jioni nzima na karatasi nne zikaishia kwenye kapu la taka. Hapo mtu hajashindwa. Ndiyo kusoma kwenyewe. Na jasho hilo halipotei. Mlinganyo wa kitu kinachobembea utaukuta tena kwenye springi, kwenye sakiti yenye koili na kapasita, kwenye atomu zinazotetemeka ndani ya molekuli. Aliyeuelewa mara ya kwanza, hizo nyingine humwia nyepesi.

Wengine huamini kazi ni kukariri kanuni. Mitihani mingi huja na karatasi ya kanuni tayari. Kinachopimwa ni kujua ipi inafaa, imetoka wapi, na inakoma kufanya kazi wapi. Kanuni ya pendulamu ya sekondari (jiwe linalobembea kwenye uzi), kwa mfano, ni ya pembe ndogo tu. Ukilivuta jiwe hadi nyuzi 60 kabla ya kuliachia, muda wa kwenda na kurudi huongezeka kwa takriban asilimia 7.

Tubaki na pendulamu hiyo, maana inabomoa dhana nyingine: kwamba maabara ni mahali pa kupata jibu la kitabuni. Ukipima mchapuko wa uvutano, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, ukipata 9.8 umepata, ukipata 9.5 umekosa. Ning'iniza jiwe kwa uzi wa mita 1. Kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 2. Kidole chako kwenye stopwochi kinaweza kukosea kwa sekunde 0.2 hivi, yaani asilimia 10 ya muda wote. Na kwa kuwa muda unapigwa kipeo cha pili kwenye hesabu, mchapuko wa uvutano unakosewa kwa asilimia 20. Hapo 9.8 na 8 ni ndugu. Sasa hesabu mibembeo 20 mfululizo. Kidole kinakosea kwa sekunde 0.2 zilezile, lakini safari hii ndani ya sekunde 40, na kosa la jibu linashuka hadi asilimia 1. Mwanafunzi anayeandika 9.6 na kueleza kosa lake linafika wapi amefanya fizikia kuliko aliyeandika 9.8 bila maelezo.

Eti ukihitimu utaishia ualimu tu? Ualimu ni kazi ya heshima, ila si mlango pekee. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti mwaka 1989, shahada yake ni ya fizikia. Angela Merkel, aliyekuwa chansela wa Ujerumani, vilevile. Wahitimu wako kwenye uandishi wa programu za kompyuta, utabiri wa hali ya hewa, benki na tiba ya mionzi. Jambo moja liwekwe wazi: kwa tiba ya mionzi, shahada ya kwanza pekee haitoshi, mafunzo zaidi yanahitajika.

Na wanaosema ni somo la wavulana wamkumbuke Cecilia Payne. Alimaliza masomo Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, bila kupewa shahada, kwa kuwa chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada hadi 1948. Alivuka kwenda Marekani, na katika tasnifu yake ya 1925 akaonyesha, kwa kuchambua mwanga wa nyota, kwamba nyota ni haidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa mno. Henry Norris Russell, bingwa wa elimu ya nyota wa wakati huo, alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alichapisha hitimisho lilelile.