Robo Kilo ya Sukari, Lita Nne za Safari

Mama muuza ndizi wa Kifaru alinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisomea miaka kadhaa na kulifanyia mitihani. Ilikuwa Januari, natoka Same narudi Moshi kwa baiskeli, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda na kurudi. Maji nilikunywa kweli kweli. Chupa mbili nilizotoka nazo nyumbani zilishaisha na kujazwa tena Same, kisha Mwanga. Nilipofika Kifaru nikakata moto. Miguu ikagoma, mikono ikatetemeka, jasho la baridi likanitoka kwenye jua kali la saa saba mchana. Vijana wa bodaboda wakanishauri: "Kunywa maji, kaka." Nikanywa. Kichefuchefu kikaja.

Nikamwamkia yule mama, shikamoo ya kinyonge. Akaitikia marahaba, akanitazama, akauliza: "Mwanangu, leo umekula nini?"

Nilikuwa nimekula chapati moja saa kumi na moja alfajiri. Akanikalisha kivulini, akanipa ndizi kisukari tatu na soda ya chupa. Baada ya kama robo saa nilikuwa naongea vizuri, na baada ya nusu saa nilipanda baiskeli. Mtaalamu wa lishe mzima, kazini kila siku nawaambia watu wapange milo yao.

Tangu siku hiyo, mwendesha baiskeli akija kuniambia kwamba anaishiwa nguvu kwenye safari ndefu, naanza na swali la yule mama. Suala la maji tunalijua sote, tena tunahubiriana. Tunachosahau ni chakula, kwa sababu kwenye joto hakuna hamu ya kula, na kiu inapiga kelele kuliko njaa.

Mwili una akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, kwa mtu mzima kama gramu 400 hadi 500 kwa jumla. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo inakaribia kwisha ndani ya saa mbili hivi. Mafuta tunayo ya kutufikisha Dar es Salaam na kuturudisha, hata wembamba wetu, ila yanaungua taratibu kama gogo bichi. Yanakufaa ukienda mwendo wa kwenda shambani. Kwenye mlima, au ukiwa unahangaika usiachwe na wenzako, mwili unadai wanga.

Kwa hiyo safari ya saa moja, kunywa maji tu, usijisumbue. Ikizidi saa mbili na nusu, lenga gramu 60 za wanga kila saa, na uanze kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla hujasikia njaa. Waliozoea wanafika hadi gramu 90. Usianze na 90. Tumbo nalo hufundishwa kama miguu, na tumbo lisilofundishwa litakuaibisha porini.

Sasa hizo gramu 60 zitoke wapi? Watu wananionyesha pakiti za unga na jeli zilizoagizwa nje, wameziombea mpaka nauli kwa jamaa anayerudi safari. Sizidharau. Lakini ukisoma nyuma ya pakiti nyingi utakuta sukari za aina mbili, chumvi na ladha ya limau. Utumbo una mlango wa sukari iitwayo glukosi, unaopitisha kama gramu 60 kwa saa, na mlango mwingine wa sukari iitwayo fruktosi. Ukitumia milango yote miwili unaingiza zaidi bila tumbo kujaa. Na sukari ya kawaida ya dukani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Ile ile ya chai. Sisi wa Moshi tunatengenezewa hapo kiwanda cha TPC, Arusha Chini (jina lisikuchanganye, ni Kilimanjaro hiyo). Chumvi nayo haiko hapo kwa ajili ya ladha. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi na glukosi hupita mlango mmoja wakiwa wameshikana mikono, na maji yanafuata nyuma yao.

Kipimo changu ni hiki, na ndicho kilichoipa makala haya jina. Nunua robo kilo ya sukari. Igawe mafungu manne sawa. Kila fungu ni gramu 62 hivi, nalo linaingia kwenye lita moja ya maji safi, pamoja na robo ya kijiko cha chai cha chumvi na maji ya ndimu moja. Basi. Nasisitiza kugawa robo kilo kwa sababu vijiko vyetu vikubwa havilingani. Nyumbani kwangu kuna kimoja kinachukua karibu mara mbili ya kingine, na hapo ndipo watu wanapotengeneza sharubati nzito inayokaa tumboni ikicheza. Ukiwa mtu ambaye fulana yako inakauka na michoro meupe ya chumvi mgongoni, ongeza chumvi ifike karibu nusu kijiko. Badala ya ndimu, mimi napenda ukwaju uliochujwa vizuri. Ubuyu ni mtamu lakini unga wake unaganda kwenye mdomo wa chupa, utanikumbuka.

Kuna wanaonunua pakiti za ORS duka la dawa wakidhani wamemaliza kazi. ORS ni dawa ya mtu anayeharisha, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini lita yake ina gramu 13.5 tu za glukosi, na sodiamu yake ni karibu mara tatu ya kinywaji changu. Itakurudishia maji. Kukupandisha Marangu haitaweza.

Chupa moja ya mililita 750 kwa saa inakupa kama gramu 46. Zilizobaki tafuna. Kisukari moja inatosha kufikisha hesabu, nayo ina ganda lake mwenyewe, huhitaji kuifunga. Tende tano zilizotolewa kokwa ni gramu 30 hivi. Viazi mviringo vitatu vya ukubwa wa yai, vimechemshwa na kunyunyiziwa chumvi, navyo ni kama 30, na hivi ndivyo ninavyovitamani baada ya saa nne, ulimi ukiwa umechoshwa na utamu. Wali wa jana uliokandwa na sukari kidogo na chumvi, ukafungwa vipande kwenye karatasi ya foili, unashuka vizuri mno. Asali iliyolegezwa kwa maji kidogo na kutiwa kwenye kichupa ni jeli tosha. Kijiko kikubwa kina gramu 17 hivi. Kashata za karanga na maandazi ni vya kula ukiwa umekaa, mafuta yake yanachelewa tumboni. Makande yaache kabisa, hata usiku wa kuamkia safari. Nayapenda, lakini nimewahi kuyala kwa wenyeji wangu Same nikaogopa kukataa, na kesho yake nilifahamiana na vichaka vingi.

Turudi kwenye maji, maana nayo watu wanazidisha. Jipime uzito kabla ya kutoka, uendeshe saa moja, ujifute jasho, ujipime tena ukiwa na nguo zile zile. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa. Mimi Moshi mwezi wa pili napoteza lita moja na zaidi kwa saa. Arusha mwezi wa saba, kwenye ukungu, haifiki nusu yake. Huhitaji kurudisha yote. Usipungue tu zaidi ya asilimia mbili ya uzito wako. Na ukirudi nyumbani umeongezeka uzito, hapo kuna tatizo: maji matupu mengi yanaipunguza sodiamu kwenye damu, kichwa kinauma, vidole vinavimba, unachefukwa, na ikizidi mtu anachanganyikiwa na anaweza kufa. Mtu wa namna hiyo usimwongezee maji, mpeleke hospitali. Kichefuchefu changu cha Kifaru, nikitazama nyuma, kilikuwa kinaelekea huko.

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na unapanda kutoka mita 800 na kitu hadi karibu 1,400, kwa hiyo kwenda ndiko kunakula nguvu. Mimi natoka na chupa mbili zilizochanganywa, na mafungu mawili ya sukari na chumvi kwenye vifuko mfukoni. Nusu ya chakula nakula kabla ya njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, wakati bado kuna ubaridi wa asubuhi. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, soko la Tengeru lina ndizi za kila namna. Ila maji ya kuchanganyia nanunua ya chupa, hasa kuanzia Maji ya Chai na Usa River. Maji mengi ya asili upande ule wa Meru yana madini mengi ya floridi, ndiyo yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Chupa moja haitakudhuru wewe mtu mzima, lakini bomba usilolijua linaweza kuwa na mengine, na kuharisha Kikatiti ni kuharisha Kikatiti.

Jambo la mwisho ni la jikoni. Ukifika nyumbani, hata ukiwa hujiwezi, zioshe chupa kwa maji ya moto na brashi, hasa ile sehemu ya kunyonyea, uziache wazi zikauke. Mimi moja niliisahau begini Jumapili na maji ya sukari na ukwaju ndani yake. Jumatano nilipoifungua ililipuka, chumba kizima kikanuka pombe ya mbege, na mke wangu akauliza wageni wanafika saa ngapi.